Kuapishwa kwa Petroli

Katika ofisi ile ya kamusi, neno halikuwa neno mpaka liapishwe. Ndivyo walivyoita wenyewe, kwa utani kwanza, kisha utani ukazoeleka ukawa kanuni. Mtu aliyeleta asili ya neno alisimama mbele ya wenzake akasema limetoka wapi, limepita mikono ya nani, na yeye amejuaje. Akimaliza, Mhariri Mkuu aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Pasipokuwepo, neno lilipita. Likitokea pingamizi lenye hoja, lilifutwa palepale, na yote aliyoyasema shahidi yakahesabiwa hayajasemwa. Haikujalisha shahidi ni profesa au mtu aliyeajiriwa juzi.

Kanuni hizo aliziandika mhariri wa asili za maneno, mwanamke mrefu, mkavu wa ulimi, ambaye ofisi nzima ilimwita Wembe. Walimwita hivyo usoni na hakununa. Alisema jina linaendana na kazi. Na kweli kazi yake kubwa ilikuwa kufuta. Watu hupenda kusimuliana maneno yalikotoka, na mara nyingi wanasimuliana uongo mtamu. Wembe alikaa kwenye mlango wa kamusi akiuliza maswali yaleyale: nani kasema, wapi, lini, na wewe umeona kwa macho yako? Wengi walianguka kwenye swali la mwisho.

Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, waliyemwita Mwalimu kwa sababu nusu ya ofisi ilipita darasani kwake. Yeye ndiye aliyeanzisha sehemu ya asili za maneno, akaichimbua peke yake kwa miaka mingi, kisha akastaafu akamwachia mkewe. Zaidi ya nusu ya asili zilizokuwa ndani ya kamusi zilikuwa zake. Watu walisema Mwalimu hupanda na Wembe hupalilia, na wakiwa na chai mkononi walisema hivyo mbele ya wote wawili.

Sasa toleo jipya lilikuwa limenenepa kupita kiasi. Meneja wa uchapishaji, mama mmoja mpole aliyezoea kukata vitabu vya watu bila kupandisha sauti, aliandika kwamba njia rahisi ni kuondoa asili zote. Mwanafunzi akitafuta neno anataka maana na tahajia. Lilikotoka halimsaidii kwenye mtihani. Mhariri Mkuu alimpigia simu akambembeleza kama mtu anayeombea ndugu yake. Alimwomba aje siku moja tu, aone neno likiapishwa, halafu akate akitaka kukata. Meneja akakubali, na neno akalichagua mwenyewe. Alichagua petroli, kwa sababu, alisema, mwaka ule hapakuwa na mtu mjini ambaye hajalitukana.

Mkuu aliileta habari hiyo kwenye meza ya Wembe akiwa anachekelea. Hakujua amebeba nini. Petroli lilikuwa neno la Mwalimu, na neno huapishwa na mwenyewe.

Ugonjwa ulikuwa umeanza na mambo ya kuchekesha. Asubuhi moja Wembe alimkuta mumewe amesimama sebuleni na kamusi mkononi, anasoma fasili ya neno "mlango." Aliisoma mpaka mwisho, akatikisa kichwa kuafiki, akafunga kitabu, akatoka kwa mlango huohuo. Wembe alicheka. Jioni alimkuta kwenye "kijiko" na hakucheka tena. Nyingi ya fasili zile aliziandika Mwalimu mwenyewe akiwa na nguvu zake. Sasa alikuwa anarudi kujikopesha kile alichokuwa amekiweka.

Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake, akasema hauna njia ya kurudi nyuma, na akashauri mgonjwa asitegwe kwa maswali. Wembe alishukuru, akalipeleka jina la ugonjwa nyumbani, akalisoma lilikotoka. Ofisini hakumwambia mtu. Walipouliza hali ya Mwalimu alijibu kuwa yupo, anasoma, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Kwa nini alificha? Kwa sababu ya kanuni yake mwenyewe. Alikuwa ameandika kwamba mwenye neno akiwa hai na ikabainika hawezi tena kulitolea ushahidi, maneno yake yote yanarudishwa na kuhakikiwa upya kuanzia mwanzo. Aliiandika kwa ajili ya wavivu na wezi wa kazi za watu. Hakumfikiria mtu ambaye atasimama na akili yake ikamtoka mlangoni. Maelfu ya maneno ya Mwalimu yangehitaji miaka kuhakikiwa, na Meneja hakuwa na subira hata ya miezi. Kusema "mume wangu mgonjwa" kulikuwa sawa na kulitia moto shamba alilolima.

Lakini petroli lilikuwa limebaki zima. Hiyo ndiyo ilikuwa nanga ya Wembe. Mwalimu alilitumia neno hilo kama mfano kwa kila darasa lililopita mikononi mwake, na sasa, siku ambazo alisahau kama amekula, petroli alikuwa nalo lote. Kila asubuhi, wakati Wembe anamfunga vifungo vya shati, alisema tu, "Petroli," kama nesi anayempa mgonjwa kipimajoto, na Mwalimu alianza. Hakukosa hatua. Wembe alifunga kifungo cha mwisho akijua kuwa bado yupo.

Alijiuliza kama kumpeleka ofisini ni udanganyifu. Akalipima jambo hilo kwa utulivu, akaona si udanganyifu. Mwalimu angesema kitu cha kweli, kitu anachokijua, na angekuwa anakijua wakati anakisema. Kanuni haikutaka zaidi. Pale ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la mtu wa kamusi: alikuwa amelipima jibu kila siku kwa miezi, hakuwahi hata mara moja kulipima swali. Kwa hofu ya ushauri wa daktari, hakumwuliza mumewe jambo lolote la pembeni.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Kompresa ya chini ikiwashwa watu walinyamaza mpaka ishibe, kisha wakaendelea na sentensi walipoiachia. Siku ya kuapisha walimlipa mwenye duka maneno matamu akawaachia asubuhi ya utulivu. Walipanga viti, wakafuta vumbi, wakatafuta kikombe ambacho hakijavunjika mkono kwa ajili ya Meneja.

Mwalimu alipanda ngazi polepole, koti la kahawia, viatu vimeng'aa. Salamu zilimrudisha kuwa mtu yule wa zamani. Walimwamkia mmoja mmoja, naye akawaitikia mmoja mmoja kwa sauti yake ya darasani. Mhariri wa vitenzi, kijana wa zamani aliyekuwa akiitwa Kitenzi tangu siku zake za kwanza hapo, alimshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu, umetutupa. Tangu uondoke vitenzi vyangu havina nidhamu."

"Havikuwahi kuwa nayo," Mwalimu alisema. "Vilikuwa vinaniogopa tu."

Kicheko kikazunguka chumba. Meneja naye alicheka. Wembe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha pingamizi na karatasi yake tupu, alihisi bega lake la kulia likishuka. Hakuwa amejua kuwa amelipandisha.

Mkuu alifungua kikao, akamweleza Meneja taratibu, akasema leo linaapishwa neno petroli. Mwalimu akasimama. Aliweka vidole viwili juu ya meza, kama alivyokuwa akifanya darasani, akaanza.

Alisema tumelichukua kwa Waingereza, nao walilichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa walilikuta kwenye Kilatini cha zama za kati, huko lilikoundwa kwa kuunganisha maneno mawili: petra, yaani mwamba, ambalo Warumi waliazima kwa Wagiriki, na oleum, yaani mafuta. Mafuta ya mwamba. Alisema kwa karne nyingi jina hilo halikuhusiana na chombo chochote cha kusafiria. Lilikuwa jina la kile kitu cheusi kinachovuja penye nyufa za miamba, ambacho watu walijipaka viungo vikiuma. Baadaye wakajifunza kukichemsha wakapata mafuta ya taa. Katika kuchemsha huko kulitoka na kitu kingine, chepesi, chenye harufu, kinachokimbilia moto, na hakuna aliyekitaka. Wengine walikimwaga mtoni. Wengine walikiuza kwa vichupa, kiwe cha kutolea madoa nguoni. Injini ilipokuja, taka ile ndiyo iliyofaa. Ndipo wafanyabiashara Waingereza, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, wakaanza kuiuza kwa jina la petrol, wakajaribu kulifanya jina liwe lao peke yao, wakashindwa. Wengine ng'ambo wakaiita gasolini, na hiyo, alisema Mwalimu, wataalamu bado wanaigombania, kwa hiyo tuwaachie.

"Kwa hiyo," alimalizia, "maana imehama, jina limebaki pale pale. Neno ni nyumba. Wapangaji ndio wanaobadilika."

Hakuruka hatua. Hakukosea hata kituo. Wembe alikuwa akimfuata kimoyomoyo kama mtu anayemwangalia mtoto akivuka barabara, na sasa alikuwa ameshafika ng'ambo. Mkuu alivuta pumzi ili aulize swali lake la mwisho.

Meneja akamtangulia. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amefurahi, na mtu aliyefurahi huuliza.

"Na huku kwetu, Mwalimu? Nani alituletea?"

Jibu lilikuwepo na Mwalimu ndiye aliyelipata. Matumizi ya kwanza yaliyojulikana ya neno hilo katika lugha yetu yalikuwa kwenye tangazo la gazeti la wamisionari, tangazo la muuza pikipiki, enzi ambazo babu zao walikuwa vijana. Wembe alilisubiri.

Mwalimu aliondoa vidole mezani.

"Lililetwa na utingo," alisema.

Wembe aliinua kalamu.

"Utingo wa lori, msaidizi wa dereva, yule anayekaa juu ya mizigo. Lori liliishiwa njiani, mbali kweli. Dereva akabaki kulinda mali, yeye akatumwa kufuata mafuta kwa miguu. Akarudi na debe kichwani. Njia ilipita kwetu, pale kwenye bomba la maji. Akina mama walikuwa kwenye foleni, wakadhani ni mafuta ya taa, wakamwomba awamiminie kidogo. Akasema, hapana mama zangu, hii siyo ile. Hii ni petroli. Hakuna aliyekuwa amelisikia. Akawa analitamka taratibu, kama mtu anayetambulisha mgeni nyumbani. Petroli. Hii haisubiri kiberiti, akasema, hii inaufuata moto wenyewe. Kaeni mbali. Debe lilikuwa linavuja, lilikuwa linamchirizika begani, shati limeshika mgongo. Watoto wote tukasimama mbali. Mimi nilisimama mbali zaidi, kwa sababu mimi aliniambia peke yangu."

Meneja aliweka kikombe chake mezani.

"Alikuambia nini?" Meneja aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Mwalimu alimjibu. Alimjibu kwa sauti ndogo, akimtazama kama mtu aliyemjua zamani. Wembe hakuinua kichwa. Alikuwa akiandika, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka: moja, tangazo la gazeti limemtangulia utingo huyo kwa miaka mingi, mbili, shahidi ni mmoja, tatu, shahidi alikuwa mtoto mdogo. Alipopiga mstari chini ya hoja ya tatu, mumewe alikuwa ameshamaliza na amekaa, mikono juu ya magoti, anaitazama.

Meneja akamgeukia Mkuu. Alisema yeye si mtaalamu, lakini amekuja akiwa na nia ya kukata na sasa hataki tena. Hiki alichokisikia mwishoni ndicho watu watakachosoma. Ziwepo asili, alisema, lakini ziwe hivi: mtu, njia, debe, bomba la maji. Za Kilatini zifupishwe. Na jina la Mwalimu liwekwe kwenye jalada, kwa herufi zinazoonekana.

Mkuu alimtazama Wembe. Macho yake yalikuwa yanaomba waziwazi kama mikono. Akatamka maneno ya desturi, na aliyatamka haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa aliyelala.

"Kuna mwenye pingamizi?"

Wembe alikuwa na muda wa kufikiri, na alifikiri. Akinyamaza, sehemu ya asili inabaki. Lakini inabaki ikiwa kitu kingine, na kitu hicho kitabeba jina la mumewe. Kila alichokichimbua kwa jasho kitalala ukurasa mmoja na kisa cha bombani, na msomaji hatakuwa na njia ya kujua kipi ni kipi. Wakati huohuo aliona uso wa Mwalimu, ulivyokuwa umepoa, ulivyokuwa wa mtu aliyetua mzigo. Aliuona vizuri. Hakujua auweke kwenye hoja ipi.

Akasimama.

"Ninalo," alisema.

Alizisoma hoja zake tatu bila kuharakisha. Kitenzi alijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Wembe alipofika kwenye ya tatu alimgeukia shahidi, kwa sababu kanuni ilimtaka amgeukie.

"Mwalimu, wakati huo ulikuwa na umri gani?"

"Nilikuwepo," Mwalimu alisema.

"Nauliza umri."

"Nilikuwepo," alirudia, na safari hii sauti ya darasani ilikuwa imekwisha.

"Wembe, acha," Kitenzi alisema kutoka chini ya meza.

Hakuacha. Alisema ushahidi hautoshi, na kwamba hauwezi kutenganishwa na uliotangulia kwa kuwa umetolewa na mtu mmoja katika kikao kimoja. "Lifutwe," alisema, akakaa.

Meneja ndiye aliyeelewa kwanza. Aliinama kwa Wembe akamwuliza kwa upole Mwalimu yuko hivi tangu lini. Wembe, aliyeulizwa swali lenye jibu, alijibu. Ikawa imetajwa mbele ya watu, na kanuni ikafanya kazi yake kama mashine isiyojua imeshika mkono wa nani: maneno yote ya Mwalimu yarudi, yahakikiwe upya. Meneja alifunga faili lake bila kishindo. Alisema ameelewa, anasikitika sana, na kamusi itatoka kwa wakati, bila asili.

Kwenye ngazi Mkuu alimsubiri Wembe. Mwalimu alikuwa ameshatangulia, Kitenzi amemshika mkono.

"Ungekohoa tu," Mkuu alisema. "Ungekohoa ukakaa. Nani angekuuliza?"

Wembe alimwambia kuwa gazeti lile lipo na tarehe yake ipo. Mkuu alisema anajua. Alisema hivyo kama mtu anayempa mwenzake pole msibani, akarudi juu kupanga viti.

Kesho yake asubuhi Wembe alifunga kifungo cha kwanza cha shati la mumewe akasema, "Petroli."

Mwalimu alitazama kifungo.

Alisema tena. Mwalimu alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyesalimiwa kwa lugha asiyoijua na hataki kukosa adabu. Wembe alimalizia vifungo kimya. Keshokutwa yake alijaribu, na siku iliyofuata, kisha akaacha, kwa sababu alikuwa ameanza kuogopa kuona vidole vyake mwenyewe vikichelewa kwenye kifungo.

Jumapili alimpigia simu wifi yake, dada mkubwa wa Mwalimu. Alitaka kumweleza hali ilivyo, na alimweleza kwa mpangilio. Alipofika kwenye kikao alikigusa juu juu. Alisema ndugu yake aliwachekesha vizuri, kisha akachanganyikiwa akaingiza kisa cha utingo mmoja na debe la petroli.

Wifi alimkatiza.

"Debe lilikuwa linavuja?" wifi aliuliza.

Wembe akasema ndiyo, alisema linavuja.

"Huyo ni baba."

Wembe alijua kuwa baba mkwe wake alikuwa utingo na kwamba alifia njiani. Ndivyo alivyoambiwa alipoolewa, naye aliliandika kichwani kama lilivyo. Wifi alimwambia sasa, kwa vipande, kuwa hakufia njiani. Yeye wakati huo alikuwa analelewa kwa bibi, hakuona. Alisikia kwa mama, na mama alisimulia mara moja tu. Baba alipita bombani akiwa na debe, akawaonya watu. Nyumba ilikuwa pale pale, hatua chache. Akatua debe mbali, nje ya uzio, kwa uangalifu. Akamwambia mtoto asimame hukohuko asisogee, kisha akainama akamwambia jingine sikioni. Halafu akaingia jikoni kumsalimu mkewe, akiwa na lile shati. Mama alikuwa anapika. Alikuwa ameikumbuka petroli iliyo debeni, akaisahau iliyo mgongoni.

"Mama aliungua mikono akimzima," wifi alisema. "Wewe uliiona ile mikono, ukadhani ni uzee. Na mdogo wangu alikaa pale uzioni mpaka usiku, wanamwita haji. Ameambiwa asisogee. Hajawahi kusema neno juu ya siku ile, wifi. Si kwa mama, si kwangu. Mimi nilidhani hakumbuki."

Kisha akauliza alichokuwa anataka kuuliza tangu mwanzo.

"Alisema baba alimwambia nini? Yeye peke yake ndiye aliyesikia. Mama alikufa anauliza."

Wembe aliomba dakika. Alikata simu akampigia Mkuu. Mkuu alikumbuka vizuri, alisema: utingo alimwambia mtoto, "Nisubiri hapa, sasa hivi nakuja." Akampigia Kitenzi. Kitenzi alisema hapana, haikuwa hivyo kabisa. Utingo alimwambia mtoto alinde debe, na hilo ndilo lililomfanya yeye, Kitenzi, aingie chini ya meza. Akapata namba ya Meneja, akampigia siku ya mapumziko, na Meneja, bila kushangaa, alisema anakumbuka kila neno: yule baba alimwambia mtoto kuwa siku moja atampandisha lori. Alisema amelisimulia hilo nyumbani kwake mara mbili.

Mashahidi watatu, maneno matatu. Wembe aliyapanga mbele yake na hayakukubali kupangika. Hakuna hata moja ambalo yeye mwenyewe angeliruhusu lipite. Karatasi yake ya siku ile ilikuwa na hoja tatu na mstari chini ya hoja ya tatu, na mstari ule, alijua, ulichukua muda uleule ambao sauti ndogo ya mumewe ilichukua kusema.

Alikwenda sebuleni. Mwalimu alikuwa amekaa karibu na dirisha, kikombe cha chai kimepoa mkononi. Wembe alimpigia tena wifi yake, akaiweka simu mezani ikiwa wazi, akavuta kigoda akakaa mbele yake, magoti yakigusa magoti.

"Mwenzangu," alisema, "nihadithie ya yule utingo. Yule wa debe."

Mwalimu aliweka kikombe chini. Kitu kilipita usoni mwake, na Wembe alikiona kikija, akashika mkono wake ili kisirudi. Mwalimu aliangalia mlangoni kwanza. Kisha akainama kwake, akashusha sauti, kama mtu mzima anayemwepusha mgeni na matatizo.

"Hilo lilifutwa," alisema.

"Nimelirudisha. Niambie tu."

Alitikisa kichwa. "Haliwezi kurudi. Kuna mama mmoja pale, mkali sana. Aliniuliza umri."

"Naye alikosea."

"Hapana," Mwalimu alisema, na alisema kwa haki, kama alivyokuwa siku zote akiwahukumu hata wasiompenda. "Alikuwa sahihi. Nilikuwa mdogo."

Akautoa mkono wake taratibu, akachukua kikombe, akanywa chai ile iliyopoa mpaka ikaisha. Wembe alisubiri. Alisubiri mpaka ilipokuwa wazi kuwa Mwalimu ameshaangalia dirishani na kwamba hajui tena kuna mtu amekaa mbele yake.

Mezani sauti ndogo ya wifi ilikuwa inaita. Aliinua simu.

"Amesemaje?" wifi aliuliza.

Wembe akamwambia maneno ya mumewe yaleyale, kuanzia "Hilo lilifutwa" mpaka "Nilikuwa mdogo," moja baada ya jingine, bila kuongeza wala kupunguza.